Mgeni wa Chumba Namba Kumi na Moja

Siku ya tatu ya likizo, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, karani wa masjala alikuwa amekaa kwenye chumba cha kulia cha hoteli ya ufukweni, kitabu cha mafunzo kimeegemezwa kwenye birika la chai na yai lake limepoa. Mkewe, mkunga wa hospitali ya wilaya, alikuwa na kofia ya jua kichwani tangu saa mbili. Alikuwa ameshasema "Twende" mara tatu. Ya nne hakuisema. Alichukua taulo lake akaondoka.

Hoteli ilikuwa ya zamani, ya wale watu wanaorudi kila mwaka na kudai chumba kilekile. Ilikuwa na vyumba kumi na viwili, veranda ya mbao, safu ya vibanda vya kubadilishia nguo vilivyopakwa mistari ya bluu na nyeupe, bomba la kuoshea miguu mlangoni, na kanuni kumi na nne ndani ya fremu, ya kwanza ikikataza mchanga kupanda ngazi. Msimamizi wake alikuwa mama wa makamo aliyepiga kengele ya shaba kwa kila jambo: chai, chakula, maji kujaa, maji kupwa, na mgeni kuanika nguo ya kuogelea pasipo pake. Wageni walimwita Mama Kengele, mbele yake na nyuma yake, naye aliitika.

Karani hakuja na kitabu kwa kupenda. Mkubwa wake kazini alikuwa ametangaza kwamba majalada yote ya karatasi yatahamia kwenye kompyuta, kwa hiyo kila karani ajifunze ile lugha ya kuwekea data lebo. Mtihani ungekuwa Jumatatu ya kwanza baada ya likizo. Atakayefaulu atabaki mezani pake, atakayeshindwa ataenda stoo kubeba makasha. Karani alikuwa na miaka hamsini na miwili na mgongo usiotaka kusikia habari za makasha. Mkewe alikuwa amemwapisha kwamba likizo ni likizo, na yeye akaapa, huku kitabu kimeshaviringishwa ndani ya shati la kulalia.

Lugha yenyewe, ukiiondolea maringo, haikuwa ngumu. Kila habari inakaa kati ya lebo mbili, moja ya kuifungua na moja ya kuifunga. Ndani ya lebo unaweza kuweka lebo nyingine, na ndani ya hizo nyingine tena, kama masufuria yanavyopangwa kabatini. Kanuni kubwa ilikuwa moja tu: kilicho ndani ni cha yule aliye nje. Chumba kikiwa ndani ya hoteli ni cha hoteli, na mgeni akiwa ndani ya chumba ni wa chumba. "Angalia sana unapoweka," kilisema kitabu katika sura ya nne, kwa herufi nene, kisha kikatoa zoezi. Andika orodha ya wageni wa hoteli, chumba kwa chumba. Kisiachwe chumba kitupu.

Zoezi lilimkuta mahali pake. Karani akapanda chumbani, akafungua kompyuta ndogo ya ofisini aliyokuja nayo, akaanza kuwaandika wenzake aliowaona mezani. Chumba namba moja, mwalimu mkuu mstaafu na mkewe, waliocheza karata kutwa bila kusemezana. Namba nne, daktari wa meno, ambaye mbele yake watu walicheka wamefumba midomo. Akaendelea hivyo mpaka namba kumi na moja. Hicho kilikuwa hakina mtu kwa sababu dari lilivuja, na katikati ya kitanda paliwekwa beseni. Karani akajikuna kidevu. Zoezi lilisema kisiachwe kitupu, na yeye maisha yake yote alikuwa mtu wa kufuata zoezi. Basi akamwandika mama yake. Jina, umri, namba ya chumba. Mama yake alikuwa amefariki miaka minne iliyopita, lakini kitabu hakikuuliza hilo.

Kwa nini mama, na si mtu wa kubuni tu? Tuseme kweli, alikuwa moyoni mwake tangu basi lilipokunja kona na maji yakaonekana. Kwa miaka kumi na tisa mama yake aliomba kitu kimoja, kuiona bahari, na hakukiomba kwa kelele. Aliuliza kwenye simu, mwishoni kabisa, akishamaliza kuwaulizia wote: "Na ile safari yetu?" Karani akajibu mwakani. Wala hakuwa anamdanganya, na hilo ndilo lililomkera zaidi alipolikumbuka. Kila mwaka alimaanisha, na kila mwaka kulitokea ukaguzi, au jalada la dharura, au mkubwa mpya anayetaka kuona nani anawahi.

Kengele ya chakula cha mchana ilipolia, mama yake alishuka ngazi kutoka chumba namba kumi na moja. Alikuwa na miaka sabini na minne kama ilivyoandikwa. Gauni lake halikuwa na rangi. Halikuwa jeupe wala jeusi wala la kijivu, halikuwa na rangi tu, na macho yakiliangalia yalihama yenyewe. Mama Kengele akamvutia kiti kwenye meza ya dirishani.

"Karibu, mama. Dari halikukusumbua?"

Yule bibi akafungua mdomo, akaufunga.

Mkewe karani aliingia kutoka ufukoni, akasimama kati ya meza mbili, akatazama. "Si mama huyu?" akauliza.

"Ndiye."

"Shikamoo, mama," mke akasema, akapiga goti kidogo. Bibi akamtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama kondakta. Mke akamgeukia mumewe. "Mbona haitikii? Na gauni lake limekuwaje?"

"Sikuandika. Nimeandika vitu vitatu tu."

"Sasa hapo umekaa unasubiri nini?"

Karani akapanda chumbani, mbiombio. Akaandika kwamba anazungumza, na kwamba sauti yake ni nyembamba. Alipofika kwenye rangi ya gauni, akakwama. Alishika tama muda mrefu. Mtu aliyemzaa na kumlea, aliyemfulia sare za shule miaka yote, na yeye hakumbuki alikuwa anapenda kuvaa nini! Akaandika kijani, kwa sababu kijani ni rangi ya watu wengi. Chini, kwenye meza ya dirishani, gauni likawa la kijani, na bibi akajitazama mikono kama aliyevalishwa nguo ya jirani.

Ndipo akampigia simu dada yake mkubwa. Dada huyo ndiye aliyekaa na mama mpaka mwisho, na tangu mazishi wawili hao walikuwa wakisalimiana kwa ujumbe wa sikukuu tu.

"Dada, mama alikuwa anapenda rangi gani?"

"Unajaza fomu gani tena wewe?"

"Mama amekuja."

"Amekuja wapi?"

"Huku baharini. Yuko chini, chumba cha kulia."

Dada yake alikuwa anapika. Sauti ya kijiko kwenye sufuria ikakoma. "Ameshakula?" akauliza.

"Bado. Nimemwandikia kijani."

"Kijani! Mama? Hajawahi kuvaa kijani hata siku moja. Zambarau, mdogo wangu. Tena iliyokoza. Na asipewe sukari, daktari alimkataza. Na akae anapouona mlango, hapendi kuupa mlango mgongo. Akicheka anaziba mdomo, kwa sababu ya lile jino. Wewe hukuona kwamba hakuwa na jino?" Karani alikuwa anaandika, hakujibu. "Goti la kushoto ndilo linalomsumbua. Anapenda kuimba akifikiri hayupo mtu. Una haja ya nini kingine? Mimi ninayo ya kusema mpaka kesho."

"Ngoja nipate karatasi," karani akasema.

Alivijaza vyote, kimoja baada ya kingine, vizuri, kila kimoja kimefunguliwa na kufungwa. Na mama yake akakolea. Gauni likawa la zambarau. Akahamia kiti cha pili ili auone mlango. Akarudisha bakuli la sukari. Alipoinuka kwenda nje, alikuwa anachechemea mguu wa kushoto, na mke wa karani, aliyekuwa amemshika mkono, alipaza sauti kuelekea dirisha la juu.

"Ulikuwa na haja gani ya kuandika goti?"

"Taarifa ziwe kamili," karani akajibu kutoka dirishani. Na kweli, alikuwa anafikiri anafanya wema.

Bibi aliteremka mpaka ufukoni. Pale kulikuwa na mzee mwenye kazi ya kukunjua viti vya turubai na kuvikunja jua likizama, kazi aliyoifanya miaka thelathini na mitano. Alimkunjulia kimoja kikaelekea maji. Bibi hakukaa. Alisimama akashika mgongo wa kiti, akatazama bahari kutoka upande huu mpaka upande ule, polepole, kama anasoma.

"Maji yote haya ni ya hoteli?" akauliza.

"Mpaka pale kwenye kamba tu, mama. Yanayobaki hayana mwenyewe."

Bibi akacheka, mkono mdomoni. Halafu akavua viatu, akavipanga sambamba juu ya mchanga, akaingia mpaka maji yakamfika nusu ya miguu, na pindo la gauni likalowa. Alikaa humo saa nzima. Mzee wa viti alipomwambia kwamba goti litamlaumu, alimwambia goti lisubiri.

Karani alishuka jioni hiyo akiwa amevaa shati safi. Moyo ulikuwa unamwenda mbio kama wa kijana anayekwenda kuposa. Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kiti cha turubai, akainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, bwana. Na wewe ni wa chumba namba ngapi?"

"Namba saba."

"Saba ni kizuri. Hakivuji?"

"Hakivuji. Mama, wewe una watoto?"

Bibi akafikiri kwa nia njema kabisa. "Sijui, bwana. Hilo sijaandikiwa," akasema, na macho yakarudi kwenye maji.

Karani alilitambua kosa lake kabla hajafika ngazini, maana kwa makosa ya kuweka kitu pasipo pake alikuwa na uzoefu wa miaka ishirini na saba. Mama yake alimweka ndani ya chumba, na chumba ndani ya hoteli. Alikuwa wa hoteli. Hakuwa wa familia ya mtu. Ilibidi aiandike familia yake kwanza, nyumba yake, yeye mwenyewe na mkewe, kisha amhamishe mama kutoka humu na kumweka mle bila kumpoteza njiani. Kuhamisha kulikuwa sura ya saba. Yeye alikuwa sura ya nne.

"Mwache," mkewe akamwambia usiku ule wakipiga mswaki. "Mwanamke amefurahi. Leo amekula vizuri, ameimba, amemshinda mwalimu mkuu karata. Njoo kesho ukae naye."

"Nikae naye hanijui?"

"Kwani alipokujua ulikuwa unakaa naye?"

Karani alisukutua, akatema, akafuta kioo ambacho hakikuwa na uchafu. Neno lilimwingia, asikudanganye mtu. Lakini alikuwa amelitia kichwani jambo moja, nalo ni kumsikia mama yake akimwita mwanangu, hata mara moja, maana mara ya mwisho alipomwita hivyo ilikuwa kwenye simu, na karani alikuwa na mtu ofisini, akamwambia mama nitakupigia.

Siku ya nne akasoma sura ya tano. Siku ya tano akasoma ya sita. Dirisha la chumba namba saba lilitazama ufukwe, na kila alipoinua kichwa aliona kofia pana ya mkewe na gauni la zambarau, viti vimesogezwa karibu, wanapiga soga. Mara mbili mkewe alimwita kwa mkono. Mara zote mbili alionyesha kidole kimoja, maana yake namalizia. Siku ya sita mama yake alitembea mpaka mwisho wa gati, na mzee wa viti nyuma yake na kiti, endapo goti lingekataa. Huko mwisho wa gati bibi aliimba wimbo mzima, na watu wakasema ulikuwa mzuri. Karani hakuusikia. Alikuwa amefunga dirisha kwa sababu ya upepo, karatasi zilikuwa zinaruka.

Siku ya saba, saa tano asubuhi, akaiweza sura ya saba. Aliisoma kazi yake mara tatu, akitafuta lebo iliyobaki wazi, asione. Familia. Nyumba. Ndani ya nyumba, mume, mke, na mama wa mume. Akamtoa mama chumba namba kumi na moja, akamweka mle, akahifadhi.

Akafungua dirisha. Kiti cha turubai kilikuwa kitupu. Mkewe alikuwa amesimama majini, mkono mmoja umeinuliwa kidogo pembeni, kama uliokuwa umeshikwa na mtu hadi sasa hivi. Viatu vilikuwa juu ya mchanga, vimepangwa sambamba. Mama Kengele akapiga kengele mara moja, kama ilivyo kawaida mgeni akiondoka, akaenda kubadilisha shuka za namba kumi na moja na kurudisha beseni.

Safari ya kurudi ilikuwa ya saa sita. Mke alipakata vile viatu ndani ya mfuko wa plastiki, na njia nzima hakumsemesha mumewe ila mara moja, kumwambia asogee.

Walimkuta sebuleni. Alikuwa amekaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, ukingoni, mkoba juu ya mapaja, miguu mitupu imebanwa pamoja, pindo la gauni linadondosha maji kwenye gazeti alilolitandika mwenyewe ili asichafue sakafu. Alipoona wanaingia alisimama haraka, goti likamvuta, akashika ukuta.

"Mwanangu!" akasema. "Mmefika salama? Nimejikalisha kidogo tu. Najua mna shughuli."

Karani akaanguka kifuani pake, akalia bila aibu, kwa sauti, miaka hamsini na miwili yote. Mama akampapasa mgongo. Baada ya muda kidogo akaanza kuutazama mlango juu ya bega lake, akawaza kwa sauti kama basi la jioni bado lipo.

"Nisije nikawabana," akasema. "Na wewe kesho una kazi."

"Mama, kaa. Hapa ni kwenu. Unakumbuka bahari? Ulivyoingia majini?"

Mama akatabasamu, mkono mdomoni. "Mimi? Bahari? Ungenipeleka saa ngapi, mwanangu, na kazi zako hizo."

Hakulisema kwa lawama. Alilisema kama mtu anavyomtetea mwanawe mbele ya watu. Bahari ilikuwa ya hoteli, na yeye hakuwa wa hoteli tena. Mke wa karani aliweka mfuko wa viatu mezani, akaingia jikoni, akafungua bomba likawa linatiririka tu.

Asubuhi ya Jumatatu mama alikuwa wa kwanza kuamka. Alikuwa ameshapiga pasi shati la mwanawe na kusimama karibu na mlango kumpokeza mkoba, akisema wahi, mwanangu, usije ukachelewa kwa ajili yangu. Karani alikusudia kumwambia kwamba leo haendi. Alikuwa nalo neno hilo mdomoni kabisa. Akatazama saa ya ukutani, akapokea mkoba, akaenda.

Mtihani aliupasua. Mkubwa alisema hajaona lebo zilizopangwa namna ile, akampa makarani sita wa kuwasimamia, na kwa kuwa msimamizi anatakiwa kuwatangulia walio chini yake, karani akawa anatoka nyumbani saa moja mapema zaidi.

Mama anakaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Pindo halijakauka. Mkewe karani hubadilisha gazeti kila asubuhi kabla ya kwenda kwenye zamu, na akirudi hukaa naye, wakazungumza habari za wazazi na vichanga, lakini mama wa mume ana adabu zake kwa mkwe, hacheki kama alivyokuwa akicheka. Haimbi wakiwapo, maana anajua yupo mtu.

Jumamosi moja dada mtu alikuja. Alikaa na mama kutwa, akamkanda goti, akala naye. Jioni karani aliporudi kutoka kazini, dada alimwita pembeni, ingawa sebule ni ndogo na pembeni yenyewe ni hatua mbili.

"Mrudishe," dada akamwambia. "Mrudishe kule baharini. Mkeo amenieleza kila kitu."

"Kule hatanijua."

"Najua. Wala mimi hatanijua. Mrudishe."

"Msigombane," mama akasema kutoka kwenye kiti chake. "Mimi sina shida. Nipo tu."

Dada alisubiri, mikono kiunoni. Karani akaona haya, akafungua kompyuta mezani, akamtafuta mama yake, akampata. Kazi ya dakika tatu, kwa mtu wa sura ya saba. Aliisoma taarifa yote kutoka juu. Ilikuwa nzuri, haina kosa. Akafika pale palipoandikwa kwamba huyu ni mama wa mume, akaweka kidole juu ya kioo, na akamkumbuka yule bibi wa gauni la zambarau, alivyomtazama kwa upole na kumuuliza yeye ni wa chumba namba ngapi.

Akafunga kompyuta. Alisema ana usingizi, kesho kuna majalada ameyaleta nyumbani, atalifanya hilo akipata nafasi. Dada yake akachukua mkoba akaondoka bila kuaga. Mama akamwambia mwanawe ni kweli, macho yake yamechoka, akalale, yeye hana haraka.